Upande Ambao Gurudumu Linaupenda

Miaka ile maduka ya Makambako yalipoanza kujaa baiskeli mpya kutoka nje, fundi baiskeli wa karibu na stendi hakuwahi kukimbilia spana. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja, kisha akaficha mikono ndani ya koti lake na kungoja. Gurudumu lilipunguza mwendo, likaenda mbele kidogo, likarudi nyuma kidogo, mpaka likatulia. Hapo chini, palipovutwa na uzito, alitia chaki, akasukuma tena. Chaki ikirudi chini mara tatu, ndipo alipotafuta waya.

Jumanne moja Abdulsalam alimletea baiskeli anayobebea mayai kutoka Mahongole. Mama Salha wa hotelini alikuwa amemwonya kwamba yai moja likipasuka tena, atanunua kwa mwingine.

“Kaza tu, fundi,” Abdulsalam alihimiza. “Unalibembeleza gurudumu kama mtoto.”

“Lina upande linaoupenda,” fundi alijibu polepole, akizungushia waya kwenye spoku iliyoelekeana na chaki ili uzito ulingane. Alilisukuma mara ya mwisho. Safari hii lilisimama chaki ikiwa pembeni, wala halikurudi nyuma.

Kesho yake Abdulsalam alipita akicheka. Trei zote zilikuwa zimefika salama. Akamtupia yai moja.

“Limechemshwa hilo, fundi. Gonga ule.”

Fundi hakugonga. Alilizungusha juu ya sanduku la spana. Likayumba kizembe, likasimama.

“Lililoiva huzunguka kama pia ya watoto, Abdu,” alisema, akilitia mfukoni taratibu. “Hili nitakwenda kulikaanga.”