Shukrani ya Nusu

Dada yangu alipovimba shavu, akiwa bado shuleni, kila mtu kwetu Gachoka aligeuka daktari. Shangazi alisema ni matumbwitumbwi. Jirani akasema ni jino, ling'olewe. Likang'olewa, na uvimbe ukaendelea kukua kana kwamba haukupata habari. Dada akaacha kuimba kwaya, akawa anatembea na leso imefunga kidevu, nami nikawa nagombana na yeyote aliyemtazama mara mbili.

Daktari wa meno kule Embu alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka. Alimpapasa taya kwa kidole, akampiga picha ya eksirei, akachukua kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yalipotoka, alituketisha sote, akatuonyesha kwenye picha ile shimo jeusi palipoliwa mfupa.

"Hii si kansa," alisema. "Lakini haina adabu. Mkiiacha itakula taya lote."

Mama akauliza kama taya lingekatwa. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda daktari yule. Alisema msichana angali anakua na mfupa wake una nguvu ya kujijenga. Angetoboa tu tundu dogo ndani ya mdomo ili uvimbe utoe maji na kusinyaa, halafu baada ya miezi dada arudi akwanguliwe mabaki ya uvimbe. Akamfundisha dada kuosha tundu hilo kwa maji ya chumvi na bomba la sindano, akimsifu kila alipopatia.

Dada aliosha kila siku bila kusukumwa, miezi na miezi. Shavu likanywea. Mama, kwa furaha, akafanya kama tufanyavyo kwetu: akamsimamisha mbele ya kanisa, tukatoa shukrani, mbuzi akachinjwa, majirani wakala wakashiba.

Kumbe shukrani ile ndiyo iliyotutia taabani. Siku ya kurudi hospitali ilipokaribia, mama akagoma.

"Turudi tumwambie Mungu nini? Kwani alitibu nusu? Na watu walikula hiyo mbuzi!"

Nilipandwa na hasira, nikaropoka kuhusu mabaki yanayoota upya kama magugu. Mama akazidi kukaza shingo. Dada, ambaye hakuwa na mazoea ya kumjibu mama, akaweka chini sufuria aliyokuwa akiosha.

"Mum, daktari alisema bado. Ile shukrani ilikuwa ya nusu. Hiyo ingine nitatoa mwenyewe nikitoka huko."

Siku ya kurudi ilipofika, mama alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Mabaki yalikwanguliwa, mfupa ukajaa, na daktari aliporidhika dada alisimama tena mbele ya kanisa, safari hii bila leso na bila mbuzi, akaimba peke yake. Tulikuwa tumemwalika daktari, naye akaketi benchi la nyuma kama mgeni yeyote. Nililia bila haya. Nje, jirani akamuuliza mama kama hatukuwa tumeshashukuru.

"Ile ilikuwa ya nusu," mama akajibu, kana kwamba neno hilo lilikuwa lake tangu mwanzo.