Kanzu ya Mwinshehe

Kila Alhamisi alasiri Bi Shufaa alikuwa na miadi na marehemu mumewe. Hutoka kwake Zinga na kopo la maji na kijitawi cha mrehani, akafika makaburini, chini ya mkorosho. Makaburi ya pale hayaandikwi majina, wala yeye hakuhitaji jina. Jiwe la kichwani mwa Mwinshehe pekee ndilo lililokuwa limeota mwani wa nchi kavu, rangi ya chungwa lililoiva, laini kama mahameli. Wataalamu huuhesabu katika jamii ya mwani wa kijani, japo ukijani wake umejificha chini ya rangi hiyo. Bi Shufaa aliuita kanzu ya Mwinshehe, maana mumewe alipenda kujipamba.

Ilipoingia Shaabani, mkwewe Najim, fundi rangi, alijitolea kusafisha makaburi kabla ya mfungo. Alisugua kila jiwe kwa brashi ya waya, akapaka chokaa.

"Mama, twende ukaone! Panang'aa!"

Bi Shufaa alikwenda, akasimama. Chini ya mkorosho mawe yote yalikuwa meupe kama meno. Mumewe ni yupi?

"Mungu akulipe, baba," alisema.

Siku ile hakula. Kumpoteza mume mara moja ni kudra. Mara ya pili je? Najim alipoambiwa na mkewe kilichomliza mama, alishika kichwa. Ikabidi Bi Shufaa achague jiwe kwa kukisia, akawa analimwagia maji kila Alhamisi, moyo ukisita.

Masika yakapiga, chokaa ikabanduka. Siku moja Najim akaja akihema.

"Mama, kanzu imerudi!"

Kweli, walipofika makaburini, madoa ya chungwa yalikuwa yamechomoza. Lakini kwenye jiwe lililo kando ya lile alilolikisia.

"Ala! Na hili nililokuwa nalimwagia maji?"

Najim alijikuna kisogo. "Aliyezikwa kuliani kwa baba ni Mzee Ishaka. Nilikuwapo."

"Ishaka? Ambaye mbuzi zake walinimalizia muhogo?"

"Huyo huyo, mama."

"Na mrehani wangu wote kala yeye!"

Bi Shufaa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasogea kwa mumewe, akamwaga maji taratibu pembeni, asiilowanishe kanzu.

"Usione wivu, Mwinshehe. Nilipotezwa."

Kopo lilibaki na maji kidogo. Akalitazama jiwe la jirani, akaguna.

"Haya, nawe chukua, Ishaka. Umeshazoea."