Maji ya Huku Huenda

Mvua imenyesha hapa mtaani kwetu Raila, Nairobi, na harufu ya matope imenirudisha pale mto unaingia baharini. Tulikuwa tumeenda Pwani na basi ya kanisa, wikendi moja tu, na baba alikuwa ameniahidi nitashika samaki yangu mwenyewe. Yeye alikulia kwa ziwa. Huku Nairobi alikuwa tu mtu wa mjengo, wa kubeba mawe na simiti, so hiyo siku nilitaka sana kumuona akijua kitu.

Akarusha kamba, tukangoja. Pole pole maji ikaanza kurudi nyuma. Baba akaifuata, akarusha tena. Mwishowe tulikuwa tumesimama katikati ya matope, na ndoano imelala hapo juu kama takataka.

Mama mmoja wa huko alipita na ndoo ya kaa, akacheka. "Baba watoto, wavua matope? Maji yamekupwa, yatarudi jioni."

"Mimi nimezaliwa kwa maji."

"Ya ziwa hayo. Hayaendi popote."

"Baba, si tutoke?" nikamwambia.

"Nyamaza. Samaki inasikia."

Samaki gani sasa!

Jioni maji ikarudi kweli. Baba akanipea kamba nishike, na kitu ikaivuta, kitu nzito. Hapo hapo dereva wa basi akapiga honi ya kuondoka.

"Baba, ngoja kidogo tu!"

Akaikata kamba na meno, akanivuta mkono tukakimbia.

Kwa basi watu wakauliza tumeshika nini. "Huyu wangu ameshika kubwa," baba akasema, akitabasamu. Sikumwangalia mpaka Nairobi.