Alimsukuma Mwasiti Dada Zubeda

Siku za gulio hapa Korogwe akina mama wa Kimasai huja na vibuyu vyao vya maziwa, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa soko, na mimi hulazimika kupita hapo nikienda kununua mboga. Kabla sijawaona huwa nimeshawanusa. Ni harufu ya maziwa yaliyoganda ndani ya kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, moshi na uchachu vikiwa pamoja. Watu wengi hupita bila kujali, wengine hufunika pua. Mimi harufu hiyo hunishika masikioni. Huwa ya moto, kama ya mtu aliyetajwa jina lake hadharani, nami sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo. Baba yangu alikuwa Mmasai wa huku kwetu Handeni, wale ambao Wazigua huwaita Wakwavi. Mama yangu alikuwa Mzigua, lakini aliolewa bomani akiwa msichana mdogo, na nilipozaliwa alikuwa amekwisha kuzoea kusema Kimasai kutwa nzima, hata anapogombana na kuku. Kizigua alikiweka kwa nyimbo za kumbembelezea mtoto. Kiswahili nilikisikia kwa wachuuzi wa ng'ombe tu, nikadhani ni lugha ya kupatania bei.

Ulikuwa wakati wa ujamaa. Watu walikuwa wametolewa kwenye makazi yao ya zamani, wakapangwa kwenye nyumba za mistari, na kila kijiji kilitakiwa kuwa na shule. Kaka yake mama, Mjomba Athumani, alikuwa amehamia kwenye kijiji kimoja upande wa Kwaluguru. Akaja bomani kwa miguu, akanywa maziwa, akamwambia baba kwamba serikali inataka kila mtoto asome, wa kike naye. Baba alifikiri mpaka ng'ombe wakarudi. Kisha akasema nichukuliwe mimi, kwa sababu sikuwa hodari wa kukamua.

Kwa Mjomba nililala kitanda kimoja na Bibi, mama yake mama, pamoja na binti wa Mjomba, dada Zubeda, aliyekuwa darasa la saba. Shuleni siku ya kwanza nilimwendea Mwalimu Shemhina nikamwinamishia kichwa aniguse utosini, maana ndivyo mtoto alivyowasalimu wakubwa bomani. Akashtuka, akarudi nyuma. Darasa zima likaangua kicheko. Lakini kwa sababu nilikuwa mrefu, na kwa sababu nilijua kuhesabu kuliko wote kutokana na ng'ombe, akaniweka darasa la pili badala ya la kwanza.

Maneno ya Kiswahili niliyaokota upesi. Kilichonishinda ni mahali pa kuyaweka. Kwetu bomani ukisema jambo unaanza na tendo. Amekuja, ndipo unasema nani. Amepiga, kisha aliyepiga, kisha aliyepigwa. Na hata ukiyapindua hayo majina mawili hakuna anayepotea, maana jina la mtendaji lina sauti yake na la mtendwa lina sauti yake, linapanda ama linashuka, na sikio linajua. Wenzangu wa Kizigua walipotoka kwenye lugha yao kwenda Kiswahili walibadilisha maneno tu, njia ikabaki ile ile. Mimi nilibadilisha maneno nikaendelea kupita njia ya kwetu, tena ile sauti ya kupanda na kushuka Kiswahili hakikuwa nayo.

Siku moja mbuzi wa jirani aliingia uani akatafuna kanga ya Bibi iliyoanikwa. Nikamkimbilia Bibi, aliyekuwa amekaa na majirani wakipukuchua mahindi, nikasema, "Amekula mbuzi kanga."

Wakaacha kupukuchua. Walichosikia wao ni kwamba kanga, yule ndege wa porini mwenye madoadoa, amekula mbuzi. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole huyo kanga ana ukubwa gani. Nikafikiri anauliza juu ya nguo, nikanyoosha mikono yote miwili upana wake. Walicheka mpaka mahindi yakamwagika, na tangu siku hiyo hapo kijijini jina langu likawa Kanga. Usiku niligeukia ukutani. Dada Zubeda, ambaye hakucheka, alinikanda mgongo na kusema, "Kesho tukienda maji nitakufundisha."

Akanifundisha. Tukienda lamboni, kwenye bwawa la kijiji, na ndoo kichwani, yeye mbele mimi nyuma, alisema sentensi nami nikaifuata. "Anza na mwenyewe aliyefanya," aliniambia. "Halafu useme alichofanya. Wewe unaongea kama mtu anayetoka chooni kinyumenyume." Nilicheka, kwa kuwa utani wa dada Zubeda haukuwa na miiba. Alikuwa na sauti nzuri. Mwalimu alikuwa amemchagua asome risala siku ambayo wageni kutoka wilayani wangekuja kutazama kijiji, na jioni aliisoma karibu na jiko, mimi na Bibi tukiwa wageni wenyewe, Bibi akikohoa kwa heshima kila anapotajwa Mheshimiwa.

Wiki hizo tulikuwa tunafyatua matofali ya nyumba ya mwalimu. Wavulana walikanyaga udongo, wasichana tulileta maji. Siku moja lamboni tulikuwa watatu, mimi, dada Zubeda, na Mwasiti, msichana wa darasa lake. Wakabishania ndoo nzima, maana nyingine ilikuwa inavuja. Nilimwona Mwasiti akimsukuma dada Zubeda kwa mikono miwili. Dada Zubeda akaanguka huku amemshika gauni, wote wakaporomoka ukingoni. Dada Zubeda akaangukia tope. Mwasiti akaangukia mawe, akavunjika mkono. Sijasahau ile sauti aliyoitoa.

Mwalimu Shemhina alituweka mbele ya ofisi. Mwasiti, akilia, alisema amesukumwa. Dada Zubeda alisema aliyesukumwa ni yeye. Mwalimu akanigeukia mimi, shahidi wa pekee.

"Nani alimsukuma mwenzake? Usiogope."

Niliogopa sana. Nikataka kusema vizuri, na ninapotaka sana kusema vizuri ndipo njia ya kwetu inaponivuta. Nikasema, "Alimsukuma Mwasiti dada Zubeda."

Mwalimu akaniangalia. "Yaani dada Zubeda alimsukuma Mwasiti?"

Sikilizeni jinsi sikio langu lilivyosikia. Jina lililotangulia lilinipita kama mtu anayeitwa tu. Nilingojea tendo, likaja, alimsukuma, na jina lililolifuata ndilo kwetu lilikuwa la mtendaji. Alimsukuma Mwasiti. Ndivyo ilivyokuwa. Angekuwa ananiuliza juu ya ng'ombe na majani nisingepotea, kwa sababu majani hayali ng'ombe. Lakini hawa walikuwa wasichana wawili, na kila mmoja aliweza kumsukuma mwenzake.

"Ndiyo, Mwalimu," nilisema.

Na nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Kwa mara ya kwanza mwalimu alikuwa amenielewa bila mtu kucheka. Nilimtazama dada Zubeda ili aone kwamba nimeweza. Alikuwa ananitazama. Akafungua mdomo, kisha akaufunga, akainamisha macho kwenye tope lililokuwa linakauka miguuni pake.

Alichapwa mbele ya shule nzima siku ile ile. Hakulia. Mimi nilisimama mstarini na wenzangu nikijiuliza kwa nini anachapwa aliyesukumwa, na kwa kuwa nilikuwa nimeshuhudia mambo mengi ya shule nisiyoyaelewa, nikadhani huenda ndivyo sheria yao ilivyo. Risala akapewa mvulana mmoja. Mjomba Athumani alikwenda kwa wazazi wa Mwasiti na kuku mkononi kuomba radhi, akarudi hasemi na mtu. Wageni walikuja, risala ikasomwa, dada Zubeda akiwa jikoni na wanawake waliokuwa wanapika. Nyumbani aliendelea kunitengea chakula, lakini njiani kwenda maji hakunipa tena sentensi. Nikaona amenichukia, na sikujua kosa langu.

Mama alipokuja kututazama, kibuyu cha maziwa mgongoni, nilimngoja mpaka tukawa peke yetu uani. Nikamwambia habari yote kwa Kimasai, kwa njia yangu mwenyewe, kila neno likikaa pake. Aliniuliza, "Na kwa Mwalimu ulisemaje? Sema vile vile ulivyosema." Nikasema kwa Kiswahili.

Mama alianza kucheka, kicheko kifupi, kisha akajifunika mdomo kwa kiganja. Yeye alikuwa na masikio ya pande zote mbili. Akanikalisha chini, akanieleza walichosikia watu wale. Alinieleza polepole, na nilipoelewa nilitaka ardhi inimeze. Nilikumbuka jinsi nilivyomtazama dada Zubeda kwa furaha. Nilikumbuka zile fimbo moja moja.

Dada Zubeda alipotuona tunatoka, aliuliza tunakwenda wapi. Mama akamwambia. "Shangazi, achana nayo," alisema. "Yameshapita." Mama akamjibu kwamba hayajapita kwa baba yake, aliyewapelekea watu kuku. Akanishika mkono tukaenda.

Mwalimu Shemhina hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Mama, fimbo siwezi kuzirudisha," alisema. "Lakini jina lake nitalisafisha." Asubuhi yake alitusimamisha mbele ya mistari, mimi na dada Zubeda, akawaambia wanafunzi kwamba palikuwa na kosa la lugha. Kisha akanitaka niseme yaliyotokea, safari hii kwa Kiswahili kilichonyooka. Nilikosea. Akanirudisha mwanzo. Nilikosea tena, huku mstari wa mbele ukinong'ona, "Kanga, Kanga." Mwishowe nikasema, "Mwasiti alimsukuma dada Zubeda," na shule ikapiga makofi na kucheka kwa pamoja. Mwasiti alikuwepo, mkono umefungwa shingoni. Mwalimu aliutazama ule mkono, akamwacha.

Halafu akaniambia nichukue daftari langu nikakae darasa la kwanza, nikaanze lugha upya.

Nilikwenda nikakaa na watoto ambao vichwa vyao vilinifika kifuani, magoti yangu yakigonga dawati. Mlangoni niligeuka nikamwona dada Zubeda amebaki pale pale uwanjani, analia. Yeye ambaye hakulia kwa fimbo, analia kwa mabega, bila kujificha. Nikadhani ni hasira juu yangu, zilizochelewa kutoka. Sikumsogelea. Mwaka ule alimaliza shule, akaolewa Korogwe, nasi tukawa tunaonana misibani na harusini, tukiulizana habari za watoto.

Mimi Kiswahili nilikipata, tena nilikipata hasa, kwa woga. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikafundisha sarufi kwa miaka mingi hapa mjini. Nilijenga Kwamndolwa, si mbali na kwa dada Zubeda. Wanafunzi wangu wa mwanzo watakumbuka kwamba sikuruhusu mtu achekwe darasani kwa namna alivyopanga maneno. Walidhani ni ukali tu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa uani kwake tunachambua mchicha, wazee wawili, miguu tumeinyoosha. Sijui nini kilinifungua. Nikamwambia kwamba kila siku nimetaka kumwomba radhi kwa ile siku ya lamboni, maana nilimponza bila kujua.

"Mimi nilijua," alisema, hakuinua macho.

"Ulijua nini, dada?"

"Ulichotaka kusema. Nani mwingine angejua? Mimi ndiye niliyekufundisha." Aliendelea kuchambua. "Mwalimu alikuwa ameniita kabla ya hapo. Akaniambia huyo mdogo wako akifika mwisho wa muhula bado anapindua maneno, nitamrudisha darasa la kwanza. Nami nilijua ninyi wa bomani mkirudishwa hamkai, mnachukuliwa mkaozwe. Nikamwambia Mwalimu, amenyooka tayari. Sasa siku ile ningemwambia nini? Kwamba amegeuza, hajui?"

Nilishindwa kuendelea na mchicha. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba aibu ya maneno yangu, nikaizoea, nikaifanyia kazi ikanilisha. Kumbe alipofungua mdomo mbele ya ofisi na kuufunga, alikuwa amechagua fimbo ili mimi nibaki darasani. Na mimi ndiye niliyekwenda na mama yangu, kwa nia njema, tukaubomoa uamuzi wake mbele ya shule nzima. Yale machozi ya uwanjani hayakuwa hasira hata kidogo. Nilikuwa nimeyatazama, nikayasoma kwa njia yangu, nikayakosea kama walivyonikosea mimi.

"Basi si ulikaa," alisema dada Zubeda. "Ulirudishwa, na ulikaa."

Akavuta ungo karibu yake, akaanza kuchambua na fungu langu. Mimi, niliyekula mshahara wa sarufi maisha yangu yote, nilikaa pale nikitafuta sentensi ya kumjibu, nikakosa pa kuianzia.