Fimbo Iliyonusa Fedha

Juzi nilimwona mtu akitafuta maji kwa kijiti cha panda, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Mambrui, nilipokuwa msichana mdogo. Babu alikuwa amefariki bila kusema alikofukia fedha yake, na baba akamleta mganga mwenye fimbo ya shaba iliyosemekana hunusa madini.

Nyumba nzima ilinuka ubani. Mganga alipita chumba kwa chumba mpaka chumba cha ndani alikolala mama. Hapo fimbo ikainama yenyewe, ikatetemeka hata ikawa inagonga pete ya mganga.

"Chimbeni hapa," akasema.

Mama akaketi sakafuni pale pale. "Hapa hapachimbwi."

"Bibi, fedha imo."

"Najua."

Baba alimtazama mama, kisha akamwomba mganga aende zake.

Nilidhani mama ndiye aliyeificha. Walipotoka, nililaza sikio kwenye sakafu ya baridi nisikie sarafu zikilia.

Miaka mingi baadaye, mwanangu wa kwanza alizaliwa hana uhai. Mama alimpokea mikononi mwangu, akanipeleka chumbani mwake.

"Tumzike hapa, karibu na kakako," akasema. "Yeye nilimvika kikuku cha fedha."