Upepo Ukitulia

Harufu ya mpingo uliochongwa karibuni bado inanirudisha Temeke, siku ile baba alipokunja mkeka alfajiri tukaondoka, mimi na yeye, bila kujua twendako.

Adhuhuri tulifika huko Temeke, kwa mchonga vinyago, mtu wa kusini. Baba akaomba chumba.

"Kipo," alisema, "ila mke wangu hakitoi. Kaeni kwanza mpumzike."

Akaendelea kubishana na jirani yake, baharia mstaafu, kipi kinaua zaidi, kimbunga au wimbi kubwa la bahari.

"Wimbi," alisema baharia. "Kwanza bahari inarudi nyuma, samaki wanabaki mchangani. Watu wanashuka na vikapu kuokota. Hapo ndipo maji yanapowarudia."

"Basi nyie mnauawa na kitoweo," mchongaji akamtania.

Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele, hakucheka.

"Kimbunga nacho ni hivyo hivyo," alisema. "Siku kilipotupiga, upepo ulikatika ghafla, jua likatoka. Mwanangu akaniambia, mama, naenda kuokota makuti yetu kabla majirani hawajayachukua. Upepo ukarudi kutoka upande wa pili. Hatujamwona mpaka leo."

Mchongaji aliweka tezo chini. Baba akaushika mkeka, tayari kuaga.

Yule mama akanitazama. "Una miaka mingapi, binti?"

"Tisa."

Alifungua kile chumba, akakung'uta vumbi kitandani.

"Mtalala humu," alisema. "Ila wewe, upepo ukitulia, usitoke mpaka nikuite."