Vidonge Nilivyomgawia Mkubwa Wangu

Kaka yangu mkubwa aliponyoosha kiganja na kuniambia, "Mdogo, nigawie," ilinipasa kumkatalia. Sikumkatalia. Nilifungua kopo la maziwa ya unga nilimotunza vidonge vyangu, nikamwaga nusu yake juu ya kipande cha gazeti, nikamkunjia kama mtu anavyofungiwa chumvi sokoni.

Enzi hizo za Zaire nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya gari la moshi, Kindu. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo niliugua ugonjwa ambao sikujua kama ni ugonjwa. Hakuna aliyekufa nyumbani kwangu. Mshahara ulichelewa, lakini ulichelewa kwa watu wote. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini ninalala na viatu miguuni. Wali ulikuwa mchanga mdomoni. Asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikingoja nguvu za kufunga vifungo vya shati. Majirani walisema nimerogwa. Mke wangu aliwasikiliza, akawashukuru, kisha akanishika mkono kunipeleka hospitali.

Daktari alikuwa mtu wa Kivu mwenye sauti ya chini. Aliniuliza mengi kuhusu usingizi na chakula, akasikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, ndipo akanipa vidonge.

"Hii si kwinini," alisema. "Kwinini unakunywa leo, kesho homa inashuka. Hii utakunywa kila jioni na utangoja majuma, mpaka useme munganga amenidanganya. Usiache. Hata ukijisikia muzuri, usiache peke yako. Uje tupunguze pamoja, polepole. Usiinuke kitandani kwa haraka, kizunguzungu kitakuangusha. Pombe, hapana. Na usimpe mutu mwingine, hata akilia."

"Huyu?" mke wangu akasema. "Huyu hata sabuni yake haazimi mutu."

Nilifuata maagizo. Mdomo ulikauka, nikawa natembea na chupa ya maji hadi kazini, wenzangu wakaniuliza kama ninakwenda jangwani. Majuma ya kwanza sikuona kitu, nikataka kutupa kopo. Mke wangu akaliweka juu ya kabati na kunitolea kidonge yeye mwenyewe. Halafu adhuhuri moja nilisukuma sahani yangu mbele nikamwambia aongeze sombe, kisamvu chetu. Mwiko ulisimama hewani.

"Umesema nini?"

"Ongeza, mama. Na mafuta usinibanie."

Akageukia moto, akakaa hivyo kitambo kirefu kuliko sombe ilivyohitaji.

Ndipo mkubwa wangu akaja kwa gari la moshi kutoka Kibombo, na gunia la mchele. Yaya, ndivyo sisi wa Maniema tunavyomwita ndugu mkubwa. Alikuwa amemzika mke wake majira yale yale niliyokuwa ninaugua, na tangu hapo usingizi ulimkimbia. Alinikuta ninamtania mke wangu barazani.

"Mdogo, waliniambia umekuwa maiti. Mbona maiti inacheka?"

"Nilipata dawa, yaya."

"Dawa gani? Iko wapi?"

Hapo ndipo mkono uliponyooshwa. Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mkubwa, wala hangojwi aiombe. Mdogo kufunika kopo wakati mkubwa anaomba ni jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanyika. Nikagawa.

Lakini lile lililokuwa baya zaidi sikulitenda, nililinyamazia. Sikumwambia habari ya pombe. Mtu aliyenivusha mito mgongoni nikiwa mtoto, nimwambie "usinywe"? Mdogo hampigi mkubwa marufuku. Nilisema tu, kwa sauti ya kuomba, "Kimoja, yaya, jioni." Akanitazama mikono. "Kimoja kwa mutu mwembamba kama wewe," akasema. Nikacheka. Nilijiambia kwamba maagizo ya daktari yalikuwa yangu, na kwamba yeye alikuwa na mwili wa kulima.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya wote, tukizibua mitaro karibu na bandari. Niliona mke wangu anakuja mbio, mkono mmoja ukishika kitenge kisidondoke. "Njoo! Yaya anaongea na marehemu."

Tulimkuta nyumbani kwangu, mkekani. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu, mboni za macho zimetanuka, moyo unapiga hadi shati linatikisika. Alikuwa akimwagiza mkewe aanue mpunga, mvua inakuja. Kando yake kilikuwa kipande cha gazeti, kitupu, na chupa ya lotoko, pombe kali ya mahindi. Alitaka kulala mchana ule, akanywa vyote ili usingizi usimkwepe.

Tulimpandisha juu ya baiskeli ya jirani, mimi nikimkumbatia, jirani akisukuma. Njiani jirani alisema tuseme ni malaria, tusimwaibishe mzee wa watu. Mke wangu, aliyekuwa akikimbia nyuma yetu, akasema, "Mukisema malaria, mimi nitasema mengine."

Daktari aliuliza, "Amekula nini?"

"Vidonge vyangu," nikasema. "Nilimpa mimi. Amevinywa vyote pamoja, na lotoko."

Hakunigombeza. Walimwosha tumbo, wakamtundikia maji ya mshipa, na daktari akakaa kando yake na vidole kwenye mkono wake, akihesabu. Baadaye alitoka nje, akaniambia: "Ungesema malaria, ningempa kwinini, na moyo wake ungeweza kusimama."

Asubuhi ya Jumapili alifumbua macho, akaomba maji, akanitafuta kwa macho.

"Mdogo, dawa yako mubaya. Nimemwona shemeji yako. Amenifukuza."

Nilicheka mpaka muuguzi akanitoa nje. Sijawahi, kabla wala baada, kuwa mwepesi namna ile. Wauza maandazi walikuwa wakipita, nikawasalimu wote kama ndugu zangu. Hata mimi sikuumia: vidonge nilivyobaki navyo vilinifikisha mpaka hospitali ilipopata vingine, na muda ulipotimia daktari akanipunguzia kidogo kidogo hadi nikaacha. Ugonjwa ule haukunirudia.

Kabla mkubwa wangu hajatoka wodini, daktari alimwambia kwamba huzuni yake nayo ilikuwa na tiba, ila ipimwe, ianze kidogo, iangaliwe. Mkubwa wangu alinigeukia mimi, si daktari. "Tiba hiyo nimekwisha kuionja," akasema. Akarudi Kibombo.

Nilimfuata huko mara nyingi nikimsihi aje atibiwe. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Ile iliyotaka kuniua?" Mashamba ya mpunga yakalimwa na wengine. Yeye alikaa ndani hadi jua la utosi, macho mekundu, akimsikiliza kila mgeni bila kumwuliza habari. Aliishi hivyo miaka mingi, na alikufa hivyo.

Alininyooshea mkono akitaka kutibiwa, na hospitali haikuwa mbali na nyumba yangu. Ningempeleka kesho yake. Kwa kumgawia vidonge badala ya kumpeleka, nilimnyima tiba aliyoniomba, na tangu siku ile sikuwa tena na kaka wa kucheka naye.